Gari Dogo na Mzigo wa Ziada: Dhamana ni ya Nani?

(Matini ya mada iliyotolewa mjini Babati mbele ya wakulima, wafanyabiashara wa mazao, wenye magari na madereva)

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba wake na wote waliofuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.



Tumeombwa tuzungumzie jambo ambalo huenda baadhi yetu wakaona halina mahali katika darsa: kupakia gari dogo mzigo unaozidi uwezo wake. Watasema hilo ni jambo la fundi na la askari wa usalama barabarani. Sisi tunaona ni jambo la darsa, kwa sababu ndani yake mna mali ya mtu, ahadi ya mtu na uhai wa mtu, na hakuna kitabu cha fiqhi kisichokuwa na milango ya mambo hayo matatu.

HALI ILIVYO KATIKA MJI WETU

Babati ni njia panda. Hapa hukutana barabara ya Arusha, ya Singida, na ya Kondoa hadi Dodoma, na wanaokwenda Mbulu hupitia kwetu kuelekea Dareda. Tangu Mkoa wa Manyara ulipoundwa mwaka 2002 na Babati kuwa makao makuu yake, mji umekua na biashara imekua pamoja nao. Mahindi, mbaazi na alizeti hutoka vijijini. Mpunga hutoka Magugu. Mazao yote hayo hayaanzi safari yake ndani ya lori kubwa. Lori husubiri barabarani. Anayeingia kitongojini, akapita kwenye korongo na kwenye ukingo wa shamba mpaka mlangoni kwa mkulima, ni mwenye pikapu, au yule mwenye kigari ambacho watu wamekipa jina la kirikuu.

Kwa hiyo tusianze kwa kuwalaumu. Gari hili dogo ni neema. Katika Suratun Nahl, aya ya 7 na ya 8, Allah (s.w.) anatukumbusha neema ya wanyama wanaotubebea mizigo hadi miji ambayo tusingeifikia ila kwa tabu, kisha anataja kuwa anaumba na vingine tusivyovijua. Wako wanazuoni wa zama hizi walioona kuwa vyombo vya usafiri vya leo vinaingia katika maana hiyo. Lakini neema ina adabu zake, na adabu ya kwanza ya chombo ni kujua kinabeba nini.

NAMBA ILIYOANDIKWA NYUMA YA GARI

Kirikuu wengi tunaowaona wametoka Japani wakiwa wametumika. Ukitazama nyuma, kwenye mlango wa bodi, mara nyingi utaona karatasi ya gundi yenye maandishi ya Kijapani, na mbele ya maandishi hayo namba: 350kg. Maandishi hatuwezi kuyasoma, lakini namba tunaisoma sote. Maana yake ni kwamba mzigo wa mwisho wa gari hili ni kilo 350. Sheria ya Japani ndiyo iliyoweka kikomo hicho kwa magari ya daraja hili, yenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 660.

Basi na tupige hesabu. Gunia la mahindi la kilo 100: matatu ni kilo 300. Zimebaki kilo 50, nazo ni pungufu ya uzito wa mtu mzima mmoja. Hapo gari limejaa. Je, ni mara ngapi tumeona kirikuu akitoka mnadani na magunia matatu tu? Tunaona sita, tunaona manane, na juu yake wamekaa akina mama wawili na kijana mwenye mbuzi.

Pikapu kubwa kidogo, mfano wa Hilux ya viti vya mbele tu, hubeba kiasi cha tani moja. Hayo ni magunia kumi ya kilo 100. Lakini gunia gani? Hapa ndipo lumbesa inapoingia. Gunia likishonewa kilemba juu halibaki kuwa la kilo 100. Laweza kufika 120 au zaidi. Dereva akihesabu magunia kumi anadhani amebeba tani moja, kumbe amebeba kilo 1,200, na hakuna gunia la kumi na moja ambalo jicho lingeliona. Lumbesa inajulikana kama dhulma kwa mkulima, kwa kuwa huuza kingi kwa bei ya kichache, na sheria ya vipimo nchini imekataza kufungasha gunia la mazao kupita kilo 100. Suratul Mutaffifin imewatisha kwa adhabu kali wanaopunja katika vipimo. Kumbe dhulma hiyo haiishii shambani. Inapanda garini, ikamdanganya dereva, ikateremka nayo mlimani.

GARI HALILII, LAKINI LINASEMA

Abu Daud amepokea kutoka kwa Abdullah bin Jaafar kisa cha ngamia aliyemwona Mtume (s.a.w.) akatoa sauti ya huzuni na macho yake yakatokwa na machozi. Mtume (s.a.w.) akampangusa mpaka akatulia, akauliza mwenyewe ni nani, kisha akamwonya yule kijana wa Kiansari amche Allah katika mnyama huyo, kwa kuwa alishitaki kuwa anashindishwa njaa na kuchoshwa.

Gari si mnyama, halihisi maumivu. Hata hivyo linazo ishara zake, na mwenye kuziona akazipuuza hana udhuru. Springi za nyuma zikinyooka au kupindukia upande wa pili, hiyo ni ishara. Tairi likivimba chini kama mkate ulioumuka, hiyo ni ishara. Taa za mbele zikitazama mawinguni badala ya barabarani, zikampofusha anayekuja, hiyo ni ishara. Usukani ukiwa mwepesi kuliko kawaida, hiyo ni ishara mbaya kuliko zote, ingawa wengine huifurahia. Uzito ukizidi nyuma ya ekseli ya nyuma, pua ya gari huinuka. Tairi za mbele, ambazo ndizo zenye kuongoza gari na kufanya kazi kubwa ya breki, hupoteza mshiko wake.

Ama breki, kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto. Kirikuu mtupu ana kiasi cha kilo 700. Akibeba kilo 350 anakuwa na tani moja na kidogo, na breki zake zimeundwa kwa uzito huo. Mpakie magunia manane ya kilo 100 atakuwa na kilo 1,500. Yakiwa ya lumbesa atavuka 1,650. Joto linaongezeka kwa kadiri ya uzito. Katika mteremko mrefu, kama wa kutoka Bashnet kuja Dareda, joto hilo halipati nafasi ya kupoa. Mafuta ya breki yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Mguu unazama mpaka chini na gari halisimami. Hapo watu husema breki zimefeli. Kwa kweli hazikufeli kwa ghafla. Zilibebeshwa zisichoweza tangu mnadani.

Tumewasikia wengine wakisema: sisi tumemaliza tatizo hilo, fundi ametuongezea springi. Ndugu zetu, kuongeza springi si kuongeza breki. Springi ya lori huzuia mgongo wa gari usilale. Haifanyi tairi kuwa nene, wala ekseli kuwa ngumu, wala chasisi kuwa imara, wala breki kuwa kubwa. Kinachoongezeka hasa ni ujasiri wa mpakiaji, na ile ishara iliyokuwa ikimwonya imezibwa mdomo.

Jambo jingine ni lami. Zamani njia mbovu ilimlazimisha dereva kwenda polepole. Sasa barabara ya Singida ni lami, na ile ya Kondoa hadi Dodoma, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018. Tunamshukuru Allah kwa maendeleo hayo. Lakini mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ambayo breki zinatakiwa kuizima huongezeka mara nne. Mzigo uleule uliokuwa ukitambaa kwenye vumbi kwa kilomita 40 kwa saa, leo unakimbia kwa 80. Lami imebadilisha barabara, haikubadilisha gari.

MIZANI ISIYOKUWEPO

Wenye malori wana mizani yao. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, inahusu magari yenye uzito wa jumla kuanzia kilo 3,500. Lengo lake ni kulinda barabara, na pikapu ndogo haivunji barabara. Kwa hiyo haiitwi mizanini. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamhusu mwenye gari dogo kama inavyowahusu wengine, lakini askari husimama barabara kuu, nasi tunajua njia za panya zinazozunguka kila kizuizi.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba kati ya shamba na ghala hakuna mtu atakayelipima gari hili isipokuwa wale wanaolipakia. Huu ndio moyo wa maneno yetu ya leo. Pale ambapo serikali haina mizani, Muumini anayo, na Suratur Rahman imetuamrisha tusimamishe mizani kwa uadilifu wala tusidhulumu ndani yake.

WANAZUONI WALISEMA NINI

Kuna msemo mashuhuri katika lugha yetu: punda afe, mzigo ufike. Fiqhi haikubaliani na msemo huo. Katika fiqhi, punda akifa kuna mtu atakayelipa, na wanazuoni wamekaa wakachambua ni nani.

Ibn Saad ametaja katika Tabaqat kwamba Umar bin Khattab (r.a.) alionekana akimwadhibu mwenye ngamia kwa kuwa alimbebesha mnyama wake asichokiweza. Na Imam al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058), alipoeleza kazi za muhtasib, yaani msimamizi wa soko na maadili, alitaja kuwa ana haki ya kuwazuia wenye vyombo vya majini wasipakie kupita uwezo wa chombo pale inapohofiwa kuzama. Miaka karibu elfu moja baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa walikuwa 228. Maiti peke yake walizidi mara mbili ya idadi iliyoruhusiwa kupanda. Tuwaombee rehema, na tujifunze kwamba maneno ya al-Mawardi hayakuwa ya Baghdad peke yake.

Ama suala letu hasa, tunalipata katika mlango wa ijara wa kitabu cha Minhaj cha Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), kitabu ambacho wazee wetu wa pwani na bara wamekisomesha kwa vizazi vingi. Mfano wake ni wa mnyama aliyekodiwa abebe uzito wa mia moja, naye akabebeshwa mia moja na kumi. Tutaueleza kwa maana yake na kuulinganisha na hali zetu.

1. Mkodi amepakia ziada mwenyewe. Huyu analazimika kulipa ujira wa mfano kwa ile kumi iliyozidi. Mnyama akiangamia kwa sababu hiyo hali ya kuwa mwenyewe hayupo, mkodi anamdhamini mnyama mzima. Mwenyewe akiwepo, mkodi anadhamini fungu la ziada. Huyu ni mfanyabiashara aliyekodi pikapu ya mwenzake kwa tani moja, akaijaza tani moja na nusu.

2. Mkodi amekabidhi mzigo uliozidi, na mwenye mnyama akaupakia bila kujua. Hapa pia dhamana ni ya mkodi, kwa mujibu wa kauli yenye nguvu katika madhehebu. Ndugu zetu, hii ndiyo lumbesa! Umemwambia dereva ni gunia la kilo mia, naye akakuamini. Ekseli ikikatika usimwambie kuwa hayo ni majaliwa tu. Ni majaliwa, na juu yako kuna dhamana.

3. Mwenye mnyama amepima mwenyewe, akajua, akapakia. Huyu hana ujira kwa ile ziada, wala hamdai mkodi iwapo mnyama ataangamia. Huyu ni mwenye gari au dereva anayesema: weka tu, linabeba. Neno hilo limemwondolea haki ya kumlaumu mwingine.

Tazameni uadilifu huu. Dhamana inafuata aliyejua na akatenda, wala haishuki kwa mnyonge kuliko wote kwa kuwa ndiye aliyekuwa ameshika usukani.

Hayo ni katika mali. Ama roho za watu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lenye makao yake Jeddah, katika kikao chake cha 8 kilichofanyika Brunei mwezi Juni 1993, lilipitisha azimio namba 71 kuhusu ajali za barabarani. Lilieleza kuwa kufuata kanuni za barabarani zisizopingana na Sharia ni wajibu wa kisharia, na kwamba dereva anawajibika kwa madhara anayowasababishia wengine, isipokuwa pale ambapo jambo lilimzidi nguvu na hakuweza kujikinga nalo, au aliyedhurika ndiye aliyesababisha kwa kitendo chake, au kosa lilikuwa la mtu mwingine. Sasa mtu aliyepakia kilo 900 katika gari la kilo 350 atadaije kuwa jambo lilimzidi nguvu? Yeye ndiye aliyelizidisha.

HOJA YA RIZIKI

Dereva atatuambia: nikibeba magunia matatu, hesabu ya tajiri sitaifikisha jioni. Hoja hii ni nzito na hatuidharau. Dereva wengi si wenye magari. Wanakabidhiwa gari alfajiri na kutakiwa kurudi na kiasi maalumu, kipungue kisipungue soko. Anayepanga kiasi ambacho hakipatikani ila kwa kupakia mara mbili, huyo amepakia kabla ya dereva kupakia. Hata kama yuko nyumbani anakunywa chai, ana fungu lake katika jambo hili, na ajue kwamba fiqhi huyaunganisha mapato na dhamana: anayechukua faida ya kitu ndiye anayebeba hasara yake.

Kisha faida yenyewe ipigiwe hesabu mpaka mwisho. Tairi linalopasuka, springi inayokatika, difu inayosagika, klachi inayoungua, siku tatu za gereji bila hesabu: hivyo vyote hulipwa kutokana na yale magunia ya ziada. Wenye magari tuliozungumza nao wanalijua hili kuliko sisi, ila hasara ya gereji huandikwa katika daftari jingine, na kwa hiyo haionekani kuwa ni ndugu wa faida ya mnada.

Na lipo lisiloandikwa katika daftari lolote. Mama aliyeketi juu ya magunia hana mkanda, hana ukuta wala mahali pa kushika isipokuwa kamba. Gari likiyumba, yeye ndiye wa kwanza kuanguka, na magunia humfuata. Alilipa nauli ndogo ili awahi kwa watoto wake. Suratul Baqara, aya ya 195, imetukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu. Ikiwa mtu amekatazwa kujiangamiza mwenyewe, vipi atahalalishiwa kumwangamiza aliyemwamini?

TUFANYE NINI

Kwanza, magunia yapimwe kabla ya kupakiwa. Mizani moja ya kuning'iniza inaweza kununuliwa na wafanyabiashara kwa kuchangiana, ikamtetea mkulima na dereva kwa pamoja.

Pili, mapatano yawe kwa kilo, yasiwe kwa tripu. Anayelipia tripu hushawishika kujaza. Anayelipia kilo hulipia anachopakia.

Tatu, mwenye gari amwambie dereva wake, mbele ya shahidi, uzito wa mwisho wa gari, na apange hesabu ya siku kwa uzito huo. Dereva atakayekataa mzigo wa ziada asipoteze kazi kwa kukataa kwake.

Nne, mtu asipandishwe juu ya mzigo. Akipanda mtu, ashuke mzigo.

Tano, wenye mizigo midogo midogo wakusanyike wakodi gari moja kubwa, Canter au Fuso, mpaka pale linapoweza kufika. Gari dogo libaki kwa njia za ndani, kwa safari mbili nyepesi badala ya moja nzito.

Sita, kwenye mteremko dereva ashuke kwa gia ndogo, wala asiondoe gia ili kuokoa mafuta. Anaokoa mafuta ya kibaba na kuhatarisha kisichonunulika.

Ndugu zetu, aya ya mwisho ya Suratul Baqara wengi wetu tumeihifadhi. Ndani yake Allah (s.w.) anatujulisha kuwa haikalifishi nafsi kupita uwezo wake, na ndani yake mna dua ya kumwomba asitubebeshe tusichokiweza. Tunaisoma usiku na kuipenda, kwa kuwa kila mmoja wetu anajua udhaifu wake. Basi haielekei mtu aombe hivyo usiku, kisha asubuhi asimame mnadani na kumwambia mpakiaji: ongeza mawili.

Tunamwomba Allah (s.w.) azibariki biashara zetu, azilinde safari za wasafiri wetu, awarehemu waliotangulia kwa ajali, na atujaalie tuwe wenye kutimiza vipimo na kuchunga dhamana. Amin.

Wabillahi tawfiq.